Mji Umetolewa, Jibu Liko Wapi? Utata na Sifa katika Mfululizo wa Evangelion

Utangulizi

Katika mchezo wa vitendawili, mtegaji akiwashinda wasikilizaji hudai mji. Hupewa Mombasa, au Nairobi, au kijiji cha jirani. Naye, baada ya kuupokea mji huo na kujisifu kidogo, hana budi kulitoa jibu. Mtegaji ambaye angeuchukua mji kisha akanyamaza, au akakiri kwamba tangu mwanzo hakuwa na jibu, angehesabiwa kuwa amewahadaa wenzake, na jioni ya pili asingepata wa kucheza naye. Sharti hili dogo la mchezo wa watoto linafaa kutumiwa kama kipimo katika suala ambalo vijana wapendao filamu za vibonzo za Kijapani, ziitwazo anime, hawajachoka kulibishania: je, mfululizo uitwao Neon Genesis Evangelion, ambao kwa miaka 30 hivi umetajwa kuwa kilele cha sanaa hiyo, unastahili sifa zake, au umekuzwa kupita kiasi?

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuitazama hadhira ya Kitengela na Kajiado. Sababu ni mbili. Kwanza, Kitengela ni mji wa vijana na wa wapangaji, na kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, filamu za kigeni huwafikia wakazi wake kupitia simu, maduka yanayonakili filamu, na huduma za intaneti kama Netflix, iliyoingia Kenya mwaka 2016, na ambayo ilianza kuuonyesha mfululizo huu tarehe 21 Juni 2019. Pili, jambo kuu ambalo mfululizo huu unalizungumzia, yaani ukuta ambao mtu huujenga baina yake na mwenziwe, ni jambo ambalo mkazi wa Kitengela hulitazama kwa macho kila atokapo nyumbani.

Dai la makala haya ni kwamba sifa za Evangelion ni kubwa kupita kiasi mahali ambapo mashabiki wake huzirundika, yaani katika alama zake za siri. Na kwamba kuna upande wa kazi hiyo ambao haujasifiwa vya kutosha, kwa kuwa si mgumu na hauhitaji mfasiri.

1. Kazi yenyewe na chanzo cha sifa zake

Evangelion ilionyeshwa kwanza na kituo cha TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, katika sehemu 26. Mwongozaji wake ni Hideaki Anno, aliyezaliwa mwaka 1960, na watengenezaji wakuu walikuwa studio ya Gainax. Mwaka 1997 ilifuatwa na filamu ya The End of Evangelion, iliyouandika upya mwisho wa hadithi. Na kuanzia mwaka 2007 hadi 2021 Anno aliirudia hadithi yote katika filamu nne nyingine. Mwaka 1997 mfululizo huu ulipewa tuzo kuu ya Japani ya fasihi na sanaa ya kubuni kisayansi, jambo ambalo ni nadra kwa kazi ya vibonzo vya televisheni.

Kisa chake, kikisimuliwa kwa juu juu, si kigumu. Ulimwengu umenusurika maangamizi makubwa ya mwaka 2000. Miaka 15 baadaye viumbe wa ajabu waitwao Malaika wanaushambulia mji wa Tokyo-3, na silaha pekee iwezayo kuwazuia ni majitu yaitwayo Eva, ambayo huendeshwa na watoto wa miaka 14. Shinji Ikari anaitwa na baba yake, Gendo, ambaye hakuwa akiishi naye. Mtoto anadhani ameitwa kwa kuwa amekumbukwa; kumbe ameitwa kwa kuwa anahitajika kuendesha jitu. Pamoja naye wamo Rei, msichana asiyejua thamani ya uhai wake mwenyewe. Asuka, msichana mwenye majivuno ambaye majivuno yake yameficha jeraha la kufiwa na mama. Na Misato, mwanamke anayewatunza Shinji na Asuka nyumbani kwake ilhali yeye mwenyewe hajapona kifo cha baba yake.

Juu ya kisa hiki umejengwa mnara wa mafumbo: mashirika ya siri, unabii wa kale, miradi ndani ya miradi. Mnara huu ndio uliozaa vitabu vya ufafanuzi, mijadala ya miaka mingi, na imani iliyoenea kwamba asiyeipenda Evangelion hajaielewa. Imani hiyo ndiyo inayohitaji kuhakikiwa, kwa sababu inaiweka kazi mahali ambapo haiwezi kupimwa. Mtazamaji akiipenda, amethibitisha ubora wake. Asipoipenda, amethibitisha upungufu wake mwenyewe. Hakuna kazi ya sanaa, ya Tokyo wala ya Mombasa, inayostahili kinga ya namna hiyo.

2. Mafumbo yenye ufunguo na mafumbo yasiyo nao

Ugumu si kosa katika sanaa, na fasihi ya Kiswahili haiwezi kudai vinginevyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu karne ya 18 hadi takriban mwaka 1840, yamejaa mafumbo, na baadhi yake humshinda msomaji wa leo. Walakini fumbo la Muyaka lilikuwa na ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa mikononi mwa watu wa mji. Waliokusudiwa walijua wamekusudiwa. Ugumu alionao msomaji wa leo ni matokeo ya wakati kupita. Haukuwamo katika nia ya mshairi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilieleweka kwa kila aliyejua kusoma, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na humo akauacha uhalisia na kushika njia ya ndoto, visasili na falsafa. Wapo wasomaji waliolalamika kwamba mwandishi amewatupa, na wapo waliosema amekipandisha Kiswahili daraja. Ubishi huo ulikuwa wa heri, kwa sababu ulilazimisha pande zote mbili kurudi kwenye matini. Anayesoma Nagona mara ya pili hukuta kwamba ukimya, safari na duara vinarudiarudia kwa mpango, na kwamba kila kurudia kunaongeza kitu. Msomaji anaweza kukataa falsafa iliyomo, lakini hawezi kusema kwamba vitu hivyo vimewekwa kwa mapambo.

Je, alama za Evangelion zinafikia kiwango hicho? Zitazamwe moja moja. Wimbo wa ufunguzi unaonyesha mchoro wa mti wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Malaika wakilipuka, moto huchukua umbo la msalaba. Mkuki mkubwa unaitwa mkuki wa Longinus, kwa jina ambalo mapokeo ya Kikristo humpa askari aliyemchoma Yesu ubavuni. Kompyuta tatu za makao makuu zina majina ya Mamajusi: Melchior, Balthasar na Casper. Wakuu wa siri wanafuata unabii wa magombo ya Bahari ya Chumvi. Mashabiki wametumia miaka mingi kuziunganisha alama hizi ili zitoe fundisho moja la dini.

Kazuya Tsurumaki, mwongozaji msaidizi wa mfululizo huu, alilijibu suala hili hadharani. Alieleza kwamba alama za Kikristo hazikukusudiwa kuwa na maana ya Kikristo. Zilichaguliwa kwa sababu Ukristo si dini iliyozoeleka Japani, na kwa hiyo alama zake zingeupa mfululizo sura ya ugeni na kuutofautisha na mifululizo mingine ya majitu ya chuma. Kwa lugha ya kitendawili, mtegaji amepewa mji, kisha amekiri kwamba jibu halikuwapo.

Hapa hadhira ya Kitengela ina nafasi ya pekee. Nchini Japani Wakristo ni takriban mtu mmoja katika kila watu 100, na msalaba unaweza kuonekana kama kitu cha mbali chenye kutisha. Kitengela msalaba uko juu ya paa la kanisa katika mtaa, uko shingoni mwa jirani, uko kwenye kioo cha nyuma cha matatu. Mtoto aliyesoma shule ya Jumapili anawajua Mamajusi kabla hajajua kuzidisha. Kwa mtazamaji kama huyo, alama hizi haziji na ugeni wowote; zinakuja na maana zake kamili, naye hungoja kuona maana hizo zitatumiwaje. Hazitumiwi. Kompyuta ziitwazo kwa majina ya Mamajusi hazimtafuti mfalme yeyote wala hazileti zawadi. Anachokiona mtazamaji wa Tokyo kuwa kina kirefu, mtazamaji wa Kitengela ana haki ya kukiona kuwa ni kitambaa kilichotundikwa ukutani. Asidhani kwamba kuna jambo limempita. Kinyume chake, katika suala hili anajua zaidi ya anavyodhani.

Kipo kipimo kingine cha karibu. Katika vibanda vya filamu nchini Kenya wanajulikana wasimulizi, DJ Afro akiwa miongoni mwao, ambao huifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili na Sheng, wakitia utani na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Kazi yao hudharauliwa na wasomi, ilhali ni uhakiki wa aina yake: msimulizi hawezi kusimulia asichokiona. Msimulizi kama huyo akipewa Evangelion, atamsimulia baba aliyemwita mwanawe ili amtumie, na watazamaji watanyamaza. Atakapofika kwenye magombo na mti wa Kabala hatakuwa na la kusema ila kutia mzaha, na mzaha huo utakuwa ni hukumu ya haki.

3. Mwisho uliovunjika

Sehemu ya 25 na ya 26 ndizo zilizobishaniwa zaidi. Vita vinaachwa njiani. Badala yake mtazamaji anaingizwa ndani ya mawazo ya Shinji, akionyeshwa picha zisizotembea, michoro ya kalamu, maandishi, na maswali yanayorudiwa. Hatimaye mtoto anazungukwa na watu wote aliowajua, nao wanampigia makofi na kumpongeza. Wapo wasemao huo ni ushujaa wa kisanaa usio na mfano, na wapo wasemao ni kazi iliyoishiwa na muda ikajifunika kwa falsafa.

Ukweli ni kwamba yote mawili yamo. Inajulikana kwamba watengenezaji walifika mwishoni wakiwa wamebanwa sana na ratiba. Walakini dhiki haihukumu sanaa yenyewe. Msanii mzuri hufanya dhiki imtumikie. Katika sehemu ya 22, Asuka na Rei wamesimama ndani ya lifti kwa muda wa karibu dakika nzima bila neno na bila picha kubadilika. Katika sehemu ya 24, jitu linaloendeshwa na Shinji limemshika mkononi Kaworu, rafiki ambaye imembidi amuue, na picha inasimama vivyo hivyo huku muziki ukiendelea. Yawezekana kusimama huko kulipunguza kazi ya wachoraji. Lakini mtazamaji anabanwa pamoja na wahusika. Katika lifti anasikia uzito wa maneno yasiyosemwa, na katika tukio la Kaworu anangoja tendo ambalo hataki litendeke. Fani imebeba maudhui.

Sehemu mbili za mwisho hazifikii kiwango hicho. Humo wahusika huyasema mawazo yao waziwazo, kama watu wasomao ripoti. Shinji anaambiwa kwamba anajichukia, kwamba anawaogopa wengine, kwamba anaweza kujipenda. Mambo hayo yalikwisha kuonyeshwa kwa vitendo, na kwa nguvu zaidi, katika sehemu zilizotangulia. Ni sawa na mtunzi wa tamthilia ambaye katika onyesho la mwisho anaingia jukwaani kueleza dhamira zake. Kwamba mwongozaji mwenyewe aliurudia mwisho huo mwaka 1997, na akaurudia tena hadi mwaka 2021, ni ushahidi kwamba hakuridhika. Mashabiki wanaoushikilia mwisho wa kwanza kuwa haukosoleki wanamtetea msanii dhidi ya msanii mwenyewe.

Doa jingine halina budi kutajwa, nalo halihusiani na utata. Kamera ya mfululizo huu mara nyingi huwatazama wasichana wa miaka 14 kwa jicho lisilowafaa, hata pale ambapo kisa kinataka mtazamaji awaonee huruma. Wapo wanaotetea kwamba huo ni uhakiki wa tabia ya watazamaji. Utetezi huo ni dhaifu, kwa sababu kazi haiwezi kukilaani kitu na wakati uo huo kukiuza.

4. Nyua za moyo na nyua za Kitengela

Baada ya kuyaondoa mapambo, kinachobaki ni nini? Kinabaki kile ambacho mfululizo unakifahamu kwa hakika: hofu ya mtu mmoja kumkaribia mwingine.

Mapema katika hadithi unatajwa mfano wa mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer, alioutoa mwaka 1851, kuhusu nungunungu waliosongamana wakati wa baridi. Wakikaribiana ili wapate joto, miiba yao huchomana. Wakitengana, baridi huwaua. Nao huenda mbele na nyuma hadi wapate umbali unaovumilika. Mfano huu hauhitaji Kabala. Kila tendo kuu la hadithi linatokana nao. Majitu na Malaika wana kinga isiyoonekana ambayo silaha za kawaida haziwezi kuipenya, na kwa sehemu nyingi mtazamaji hudhani kwamba hiyo ni teknolojia tu. Katika sehemu ya 24 Kaworu anamfunulia Shinji kwamba kinga hiyo ni ukuta wa moyo, na kwamba kila mtu anao. Fumbo hili, tofauti na yale ya misalaba, lina jibu, na jibu lake linamrudisha mtazamaji mwanzoni ili aone kwamba vita vyote alivyovitazama vilikuwa ni vita vya kuta. Hapa mtegaji amestahili mji aliopewa.

Mkazi wa Kitengela anaweza kulielewa jambo hili pengine kuliko wengi. Nyika ya Kitengela ilikuwa malisho, na wakati wa mvua nyumbu na pundamilia walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, wakaingia nyikani humo hadi nyanda za Athi na Kapiti bila kuzuiwa. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa wafugaji wa Kajiado hati za ardhi kwa vikundi. Kuanzia miaka ya 1980 ardhi ya vikundi vingi ikagawanywa, kila mtu na kipande chake. Na waliogawiwa wakaanza kuuza. Baada ya eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje kuanzishwa Athi River, kufuatia sheria ya mwaka 1990, wafanyakazi walihitaji pa kulala. Kufikia sensa ya mwaka 2019 Kitengela ilikuwa na wakazi zaidi ya 150,000, waliotoka pande zote za nchi. Kila kiwanja kina seng'enge au ukuta wa mawe, na kila jengo la wapangaji lina lango la chuma.

Nyua hizo hazikujengwa na watu waovu. Aliyejenga ukuta alitaka watoto wake walale salama. Aliyezungusha seng'enge alitaka asinyang'anywe kipande pekee alichobaki nacho. Walakini nyumbu amezuiwa njia, mfugaji amezuiwa maji, na mpangaji anaweza kukaa mwaka mzima asijue jina la anayeishi ng'ambo ya ukuta. Hao ndio nungunungu wa Schopenhauer, wamesongamana kando ya barabara ya Namanga, kila mmoja na miiba yake.

Katika hadithi, wakuu wa siri wana mradi wa kuzivunja kuta zote kwa mara moja, ili wanadamu wote wawe kitu kimoja kisicho na upweke wala maumivu. Filamu ya mwaka 1997 inaonyesha mradi huo ukitimia, na inamwonyesha Shinji akiukataa. Anachagua ulimwengu ambamo wengine wapo, ingawa anajua kwamba watamuumiza. Uamuzi huo ndio kiini cha kazi nzima. Kuta zote zikivunjwa, hakuna tena wa kumpenda, kwa kuwa hakuna mwingine. Ukuta usio na lango, kwa upande mwingine, ni kaburi. Hekima hii si ngeni kwa wafugaji: boma la Kimaasai huzungushiwa ua wa miiba ili mifugo isiliwe, na ua huo una malango ambayo kila mtu anajua ni ya familia ya nani.

5. Kijana asiye na rika

Safari ya kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, hufuata barabara iyo hiyo ya Namanga kuelekea kusini, na njiani msongamano wa nyumba hupungua. Jina la Kajiado linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Huku uko mtazamo mwingine unaoweza kuiangaza Evangelion, nao ni mtazamo wa rika.

Katika desturi ya Wamaasai, mvulana haingii ujanani peke yake. Hutahiriwa katika kipindi cha wenzake, na pamoja nao huwa moran. Ana wenzake wa rika ambao atashirikiana nao chakula, safari na lawama maisha yake yote. Juu yao wapo wazee wa olpiron, wa rika la juu lililokabidhiwa ulezi wao, ambao huwaongoza, huwakemea na huwajibika kwa ajili yao. Silaha haitolewi kwa mtoto aliye peke yake. Shule na mji vimeyabadilisha mengi ya hayo, na si yote yaliyokuwamo yanastahili kurejeshwa. Lakini mantiki yake ingali inaeleweka na kila mzee wa Kajiado.

Mzee huyo akisimuliwa kisa cha Shinji, atauliza maswali ambayo vitabu vya mashabiki haviulizi. Rika la mtoto huyu liko wapi? Nani aliyemfundisha kabla ya kumpa silaha? Mbona baba yake, mwenye kumtuma vitani, haketi naye kula? Marubani wenzake ni wachache tu, na kila mmoja amefungwa katika ukuta wake. Misato anajaribu kuwa mlezi, ila yeye mwenyewe hakulelewa. Kwa jicho hili, Evangelion ni hadithi ya jamii iliyohifadhi vita na ikapoteza unyago: imebaki na kazi ya moran bila umoja wa moran, na amri ya baba bila uwepo wa baba. Hata Eva ya Shinji inaongeza uchungu huo, kwa kuwa baadaye inafunuliwa kwamba ndani yake imo roho ya mama yake. Mtoto anatafuta mzazi, naye amekuwa akipigana ndani ya mzazi pasipo kujua. Hilo nalo ni fumbo lenye jibu.

Usomaji huu hauwalazimishi Wajapani kuwa Wamaasai. Unaonyesha tu kwamba sehemu iliyo hai ya kazi huweza kusafiri. Mti wa Kabala haukuweza kusafiri. Mtoto aliyeitwa na baba asiyemtaka amefika Kajiado bila kuhitaji mkalimani.

Hitimisho

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni, basi, halina budi kugawanywa. Kwa upande wa alama zake za dini na unabii wake, Evangelion imekuzwa kupita kiasi, na waliohusika kuitengeneza wamekwisha kukiri hivyo. Kwa upande wa mwisho wake wa kwanza, imesamehewa mengi ambayo kazi isiyo na jina kubwa isingesamehewa. Kwa upande wa uchunguzi wake wa upweke, wa mzazi na mtoto, na wa ukuta wa moyo, sifa zake ni za haki, na pengine ni pungufu.

Suala hili lina uzito zaidi ya filamu moja. Mwanafunzi anayezoea kukisifu asichokielewa katika filamu atafanya vivyo hivyo katika fasihi: ataandika katika mtihani kwamba Nagona ni riwaya kuu kwa sababu ni ngumu, na hatakuwa ameisoma. Tena atakapokutana na kazi ngumu ya mwandishi mchanga wa Kiswahili, isiyo na jina la kigeni la kuilinda, ataiita mbovu kwa sababu iyo hiyo aliyoitumia kuiita ile nyingine bora. Ndivyo heshima isiyochunguzwa inavyowadhulumu wote wawili, msanii mkubwa na msanii mchanga.

Mwalimu wa fasihi katika shule za Kitengela na Kajiado anaweza kuanza kwa zoezi dogo. Amtake mwanafunzi akisimulie kisa cha kazi ngumu aipendayo, kwa Kiswahili au kwa Kimaasai, mbele ya nyanya yake au mbele ya jirani wa ng'ambo ya ukuta. Kitakachosimulika na kumgusa msikilizaji kiwekwe upande mmoja. Kitakachohitaji kitabu cha ufafanuzi kiwekwe upande wa pili, kichunguzwe kwa subira, na mtegaji wake aulizwe jibu lake kabla ya kupewa mji mwingine.